Chanjo, Mbolea na Mchanga: Mjadala wa Soya na Karanga Kabondo-Dianda

Soya, karanga, kunde, njugu mawe na maharagwe hupata naitrojeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mimea yote: mizizi hufyonza naitrojeni iliyomo udongoni. Ya pili ni ya jamii ya kunde. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa bado gesi. Bakteria waitwao rizobia huingia kwenye mizizi, mmea huwajengea vinundu, nao humo ndani huigeuza gesi hiyo kuwa chakula cha mmea, wakilipwa sukari inayotengenezwa na majani. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walilitangaza jambo hili Ujerumani mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi alifanikiwa kuwakuza bakteria hao nje ya mmea, na mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walikwisha kupata hataza ya bidhaa ya kuchanja mbegu, Nitragin. Kiwanda cha kwanza cha kutengeneza amonia, malighafi ya urea, kutokana na naitrojeni ya hewa, kule Oppau, Ujerumani, kilianza kazi mwaka 1913. Chanjo ya mbegu basi ni kongwe kuliko urea, ingawa katika vijiji vingi vya Afrika imefika ikiwa nyuma yake.

Kabondo-Dianda ni mji wa reli katika jimbo la Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye njia inayotoka Bukama kuelekea Kamina. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ikaunganishwa hadi Port-Francqui, mji unaoitwa Ilebo leo. Mashamba ya pande hizi hufyekwa katika pori la miombo, magogo mengine yakawa makala, matawi yakachomwa, kisha hupandwa mahindi, mihogo na karanga mvua zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka. Udongo ni ferralsoli: mwekundu au wa manjano, mahali pengine mchanga mtupu, umesuguliwa na mvua za maelfu ya miaka hadi madini ya chakula cha mimea yamebaki kidogo sana. Ni udongo wenye tindikali. Karanga ni zao la zamani hapa. Soya imeingia baadaye, na kwa sehemu kubwa imeingia kupitia uji wa watoto na vyakula vya lishe. Mkulima anayetaka kuipanda hukuta watetezi wawili: mmoja ana pakiti ya bakteria, mwingine ana mfuko wa mbolea. Hoja zao zinapangwa hapa kwa sauti, pamoja na sauti ya anayelima na sauti ya anayeupima udongo.

Sauti ya chanjo: Soya ni mgeni kutoka Asia. Bakteria wanaopatana nayo vizuri ni wa jenasi ya Bradyrhizobium, wa aina ambazo kwa kawaida hazimo katika shamba ambalo soya haijawahi kulimwa. Ipandwe bila chanjo katika shamba la namna hiyo, nayo itatoa majani ya njano, mizizi mitupu na maganda machache. Ichanjwe, mizizi yake itajaa vinundu. Gharama ni ndogo mno. Hekta moja huhitaji mbegu kilo 60 hadi 80. Kwa chanjo nyingi za unga, gramu 10 zinatosha kilo moja ya mbegu. Hekta nzima hailazimu hata kilo moja ya chanjo, na mama mmoja anaweza kuibeba katika mkoba pamoja na chumvi na sabuni. Sasa itazamwe naitrojeni. Tani moja ya soya kavu ina zaidi ya kilo 60 za naitrojeni ndani ya punje. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Kutoa naitrojeni hiyo kwa urea ni karibu mifuko mitatu, hata kama isingepotea gramu moja kwa mvua, na kila mtu anajua kwamba kwenye mchanga mvua huondoka na nyingi.

Sauti ya mbolea: Hesabu hiyo ni sahihi kwa naitrojeni, nayo imenyamaza kuhusu mengine yote. Bakteria hawatengenezi fosforasi. Hawatengenezi potasiamu wala kalisi. Kazi ya kuvunja molekuli moja ya gesi ya naitrojeni inataka molekuli 16 za ATP, yaani nishati inayobebwa na fosforasi. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa vinundu vichache na vidogo, na bakteria waliolipiwa hubaki bila kazi. Mfuko wa NPK 10-20-10, ule ule ambao Wazambia huuita Kompaundi D na ambao huingia Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, unaleta katika kilo 50 zake kilo 5 za naitrojeni, kilo 10 za fosfeti na kilo 5 za potashi. Jambo la pili ni safari. Mfuko wa mbolea ukikaa kwenye behewa wiki tatu unabaki mbolea. Pakiti ya bakteria ikikaa wiki tatu juu ya bati lenye joto, kilichobaki ndani ni vumbi jeusi tu.

Hoja hii ya pili haijibiki kirahisi. Chanjo nzuri ikiwa mpya hubeba bakteria hai wapatao bilioni moja katika kila gramu, na nyingi hupewa muda wa kutumika usiozidi miezi kadhaa, tena zikiwa zimehifadhiwa mahali pa baridi. Bakteria hao hawavumilii jua wala ukavu, na dawa nyingi za ukungu zinazopakwa mbegu huwadhuru. Mahali ambapo umeme ni wa kukatika na jokofu ni la duka la vinywaji, uhai wa chanjo hutegemea sana siku aliyoipokea muuzaji. Kuanzia mwaka 2009 mradi ulioitwa COMPRO uliopima bidhaa za kibiolojia na kikemikali zilizokuwa sokoni Kenya, Ethiopia na Nigeria ulipitia zaidi ya bidhaa 100. Nyingi hazikuonyesha faida iliyoahidiwa kwenye lebo. Chanjo za rizobia kwa soya zilikuwa miongoni mwa chache zilizothibitika. Matokeo hayo yanawapa watetezi wote wawili sababu ya kuwa makini: chanjo inafanya kazi, na soko limejaa vitu vinavyojifanya kuwa chanjo.

Afrika imekuwa ikitengeneza chanjo zake kwa miongo mingi. Marondera, Zimbabwe, kuna kiwanda cha serikali kilichoanzishwa miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mwaka 1977 kituo cha vijidudu, MIRCEN, huko Kabete, na chanjo iliyozaliwa hapo, Biofix, baadaye ilichukuliwa na kampuni ya MEA ili itengenezwe kwa biashara. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, nacho kinatengeneza ya kwake. Kutoka huko hadi Bukama ni mbali kwa barabara na kwa forodha, lakini si mbali kama Ulaya, na mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeagiza mifuko Zambia anaweza kuagiza na chanjo upande huo huo wa kusini.

Sauti ya shamba: Karanga zimelimwa hapa tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyezinyunyizia pakiti. Zikichimbwa, mizizi ina vinundu tele. Kama bakteria wamo udongoni bure, chanjo ni ya nini?

Sauti ya chanjo: Mama anasema kweli kuhusu karanga. Karanga, kunde na njugu mawe hukubali kundi pana la rizobia wa kienyeji ambao wamejaa katika udongo wa kitropiki. Ni nadra kuzichanja kukaongeza mavuno yanayoonekana, na kumwuzia mkulima chanjo kwa ajili ya karanga kabla ya kulijaribu shamba lake ni kumla fedha. Soya ndiyo inayochagua.

Hapa mtetezi wa chanjo amefanya jambo la haki, kwa sababu katika miradi mingi ya kilimo bidhaa moja hupelekwa kwa mazao yote ya jamii ya kunde kana kwamba ni zao moja. Kuna kipimo kinachosaidia. Watafiti wa kituo cha NifTAL cha Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha mwaka 1991 matokeo ya majaribio katika mashamba mbalimbali ya kisiwa cha Maui: pale ambapo udongo ulikuwa na rizobia wanaofaa chini ya 10 kwa gramu, chanjo ilileta ongezeko kubwa, walipozidi kiasi cha 50 kwa gramu, mara nyingi haikuleta chochote. Maabara ya kuhesabu bakteria haipo kila mahali, lakini jembe lipo. Mmea ung'olewe kwa uangalifu pamoja na udongo wake wakati wa kutoa maua, mizizi ioshwe kwa maji ya ndoo, kinundu kipasuliwe kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Rangi hiyo hutoka kwa leghemoglobini, ndugu wa damu katika ulimwengu wa mimea. Kukiwa na rangi nyeupe au kijani, vinundu vipo bila kuleta faida. Mizizi ikiwa mitupu, bakteria hawapo, au udongo una naitrojeni ya kutosha na mmea haukuwahitaji.

Pori lenyewe la Haut-Lomami linaonya dhidi ya kudhani kwamba kila mmea wenye maganda hunasa naitrojeni. Miti mikubwa ya miombo, Brachystegia na Julbernardia, ni ya jamii ya kunde, lakini haina vinundu. Imefungamana na kuvu wa mizizini, wanaoisaidia kutafuta fosforasi na naitrojeni iliyofichwa katika majani yanayooza, na uyoga unaochumwa na kuuzwa kandokando ya barabara za eneo hili la Katanga kila masika ni zao la ushirika huo. Miti inapokatwa na mizizi kufa, kuvu hao hupotea pamoja nao. Mninga, ulio katika pori lilo hilo, una vinundu.

Kuna waliojaribu kuimaliza hoja ya pakiti kwa njia nyingine. Wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, huko Ibadan, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzalisha soya isiyochagua, inayokubali rizobia wa kienyeji wa Afrika. Mbegu za ukoo huo hujulikana kwa herufi TGx na zimesambaa Afrika Magharibi hadi Kivu. Zambia ina Magoye, yenye tabia hiyo hiyo.

Sauti ya shamba: Mbegu ya namna hiyo ndiyo inayofaa huku. Inahifadhiwa nyumbani, inapandwa mwaka ujao, haihitaji jokofu.

Sauti ya chanjo: Inafaa, ila isichukuliwe kuwa imemaliza kazi. Rizobia wa kienyeji hutofautiana kati ya kijiji na kijiji. Mahali pengine ni wachache, mahali pengine ni wengi lakini wavivu, wanakula sukari ya mmea na kurudisha kidogo. Ndiyo sababu hata TGx katika mashamba mengi huzaa zaidi ikichanjwa.

Maharagwe yamekaa kati ya makundi haya mawili, nayo ndiyo yanayosumbua zaidi. Rizobia wake wamo katika udongo mwingi wa Afrika Mashariki na Kati, lakini mmea wenyewe hunasa naitrojeni kidogo, hukomaa upesi, na chanjo huleta matokeo leo na kukosa kesho. Kwa maharagwe, samadi na fosforasi zina uhakika zaidi kuliko pakiti.

Sauti ya mbolea: Basi imekubalika kwamba fosforasi ndiyo mlango. Kinachobaki ni kuweka NPK kwenye soya na karanga kama inavyowekwa kwenye mahindi.

Sauti ya chanjo: Hapana. Naitrojeni nyingi ya mfukoni huzima vinundu. Mmea ukikuta nitrati tayari karibu na mizizi, hauwalipi bakteria. Vinundu hupungua au hulala. Mkulima hulipia kitu ambacho angekipata hewani, na anakifukuza kile cha hewani.

Kiasi ndicho kinachoamua. Naitrojeni ya kuanzia, kilo 10 hadi 20 kwa hekta, kwenye mchanga uliochoka inaweza kuubeba mche katika wiki za mwanzo, kabla vinundu havijaanza kazi, bila kudhuru sana. Zaidi ya hapo ni hasara. Mifuko miwili ya 10-20-10 kwa hekta ya soya iliyochanjwa huleta naitrojeni kilo 10 tu na fosfeti kilo 20. Kwa hiyo mbolea hiyo ya mahindi, kwa kipimo kidogo, haina ubaya kama inavyosemwa. Urea juu ya soya ndiyo isiyo na maana. Mbolea iliyotungwa kwa ajili ya jamii ya kunde ipo: Sympal ya Kenya haina naitrojeni kabisa, ina fosfeti, potashi, kalisi na salfa. Superfosfeti yenye fosfeti asilimia 46 hufanya kazi hiyo pia ikipatikana. Vyovyote iwavyo, mbolea iwekwe kwenye mfereji, ifunikwe kwa udongo, kisha ndipo mbegu iliyochanjwa iwekwe juu. Chumvi na tindikali ya mbolea zikigusana na mbegu huua bakteria waliokwisha kununuliwa.

Sauti ya udongo: Mjadala umepita juu ya jambo ambalo lingepaswa kuutangulia. Katika ferralsoli yenye pH chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Hapohapo madini ya chuma na aluminiamu huishika fosforasi ya mbolea na kuifunga isifikiwe na mmea. Ndiyo maana mkulima huweka mfuko na haoni tofauti. Molibdeni, ambayo kimeng'enya cha kunasa naitrojeni hakiwezi kufanya kazi bila hiyo, nayo hufichika katika tindikali. Bakteria wa chanjo hufa kwa wingi kabla ya kufika mzizini. Udongo kama huo huwashinda wenye pakiti na wenye mfuko kwa pamoja.

Sauti ya chanjo hupenda kutaja Brazili, na mfano wenyewe una nguvu. Johanna Döbereiner, aliyefariki mwaka 2000, alipigania kuanzia miaka ya 1960 soya ya Brazili ilimwe kwa rizobia bila mbolea ya naitrojeni. Aliyeendeleza kazi hiyo katika shirika la utafiti la Embrapa, Mariangela Hungria, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025. Soya ya Brazili leo hulimwa karibu yote bila naitrojeni ya mfukoni. Isisahaulike kwamba nyika ya Cerrado, yenye udongo unaofanana sana na wa Katanga, ilifunguliwa kwanza kwa chokaa ya tani kadhaa kwa hekta, pamoja na fosfeti nyingi. Rizobia walikuta meza imekwisha kuandaliwa. Anayeichukua Brazili nusu, akaacha chokaa, amechukua nusu isiyojitegemea.

Chokaa kwa Kabondo-Dianda si ndoto. Mawe ya chokaa ya Kakontwe yapo karibu na Likasi, na Lubudi, mji wa saruji, upo kwenye reli ile ile inayopitia Bukama. Kinachokwamisha ni uzito: chokaa huhesabiwa kwa mamia ya kilo hadi tani kwa hekta, na behewa lina bei. Ndiyo sababu njia ya kati inastahili kupewa nafasi: chokaa kidogo ndani ya mfereji wa kupandia badala ya shamba zima, na majivu ya jikoni, ambayo kila nyumba inayoota moto wa kuni huyamwaga nyuma ya nyumba. Majivu hupunguza tindikali na kuleta kalisi na potasiamu. Hayatoshi hekta, lakini yanatosha kipande cha maharagwe cha mama mmoja. Alizeti pori, Tithonia, inayoota kandokando ya njia, imechunguzwa sana magharibi mwa Kenya: majani yake mabichi yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4. Kuyakata na kuyafukia ni kazi ngumu, na kazi hiyo huwaangukia wanawake, jambo ambalo vitabu vya kilimo hulipitia haraka mno.

Linabaki dai linalorudiwa katika kila mkutano wa wakulima, kwamba soya inarutubisha udongo. Linahitaji kuchunguzwa polepole, kwa sababu juu yake mkulima hujenga matumaini ya mahindi ya mwaka unaofuata.

Sauti ya udongo: Chukuliwe hekta iliyotoa kilo 1,200 za soya kavu. Punje hizo zina naitrojeni kilo 75 hivi. Mabua, majani na mizizi yana, tuseme, kilo 30. Jumla mmea umekusanya kilo 105. Kama asilimia 60 ya hiyo imetoka hewani, ni kilo 63. Punje zikiuzwa, shamba limetoa 75 na kupokea 63: limepungukiwa na kilo 12, hata kama kila jani limebaki shambani. Vinundu vikifanya kazi vizuri hadi asilimia 80, zimeingia kilo 84, na shamba lina ziada ya kilo 9. Sasa mimea iliyokauka ing'olewe yote, ipelekwe nyumbani ikapigwe, na mabua yachomwe huko. Zimeondoka kilo 15 nyingine. Ziada ya kilo 9 imegeuka upungufu wa kilo 6.

Sauti ya shamba: Kwa hiyo anayesema soya inalisha udongo anadanganya?

Sauti ya udongo: Anasema nusu, mama. Soya hula naitrojeni ya udongo kidogo kuliko mahindi, na mahindi yanayoifuata mara nyingi huwa mazuri kuliko mahindi juu ya mahindi. Lakini punje za soya zina naitrojeni nyingi mno, na zinaondoka kwa gunia. Karanga zina tabia tofauti. Majani yake yakibaki mabichi wakati wa kuvuna yana naitrojeni nyingi, ila mmea mzima hung'olewa, na mara nyingi huachwa katika lundo moja pembeni mwa shamba, ambapo hulisha kipande cha mita tatu tu. Mmea unaotajirisha udongo kweli ni ule ambao hauvunwi sana: mbaazi inayodondosha majani yake msimu mzima, au mukuna inayofukiwa ikiwa mbichi.

Ken Giller, aliyeandika kitabu kinachotegemewa zaidi kuhusu unasaji wa naitrojeni katika kilimo cha kitropiki na ambaye aliongoza mradi wa N2Africa ulioanza mwaka 2009 na kufika hadi Kivu ya Kusini, ametumia miaka mingi kuwaonya watu wa maendeleo kuhusu hesabu hiyo. Kinachosahauliwa hata na wanaoijua ni kwamba naitrojeni inaweza kurudi kutoka hewani, na fosforasi haiwezi. Kilo zile 1,200 za soya huondoka na fosforasi kilo 7 hivi, sawa na fosfeti kilo 16: zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa 10-20-10. Shamba linalochanjwa vizuri huzaa zaidi, na kwa sababu hiyo humaliza fosforasi yake haraka zaidi. Chanjo pekee, ikifanikiwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa kitu, ni njia ya haraka ya kuuchimba udongo.

Mtetezi wa mbolea naye ana jambo la kujibu. Kabete, karibu na Nairobi, kuna jaribio la mahindi na maharagwe linaloendelea tangu mwaka 1976 katika vipande vile vile. Vipande vilivyopewa mbolea ya kiwandani peke yake vilizaa vizuri mwanzoni, kisha mavuno yakashuka na mboji ya udongo ikapungua. Vilivyopewa mbolea pamoja na samadi, na mabua yakaachwa, ndivyo vilivyostahimili. Udongo wa Kabete una mfinyanzi mwingi. Kinachotukia pale kwa miaka 20 kinaweza kutukia upesi zaidi kwenye mchanga wa Kamina, ambao hauna kitu cha kushikilia chakula isipokuwa mboji hiyo.

Afrika Mashariki imewahi kulipia somo la zao la jamii ya kunde kwa gharama kubwa. Mpango wa karanga wa Tanganyika, uliotangazwa na serikali ya Uingereza mwaka 1946 na kuachwa mwaka 1951, ulipeleka matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea kabla ya kuuelewa udongo na mvua za huko. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikashindwa kung'oka, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Mpango ule ulikuwa na fedha, mashine na mbolea.

Sauti ya shamba: Fedha huingia mara moja, karanga zikishauzwa, nazo husubiriwa na karo ya watoto na dawa. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue kipi?

Sauti ya chanjo: Anayepanda soya kwa mara ya kwanza, chanjo. Bila bakteria hakuna kitakachofuata.

Sauti ya mbolea: Anayepanda karanga au maharagwe, fosfeti, hata mfuko mmoja uliogawanywa kwa majirani wawili.

Sauti ya udongo: Na wote, kabla ya kununua chochote, waache kuchoma mabua, na soya ikatwe shina kwa kisu badala ya kung'olewa, mizizi ibaki chini.

Majibu hayo matatu hayapingani. Yanapangana kwa mfuatano wa gharama: kwanza kile kisicho na bei, yaani mabua, majivu na mizizi kubaki shambani, kisha chanjo kwa soya pekee, kisha fosforasi, kisha chokaa pale reli inapoifikisha. Mfuatano huu unafaa zaidi kuliko ule uliozoeleka, ambao huanza na mfuko kwa sababu tu mfuko ndio unaouzwa dukani.

Namna ya kuchanja ni kazi ya nusu saa, lakini hukosewa mara nyingi. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji yenye sukari au gundi ya mgunga, chanjo hunyunyizwa na kugeuzwa taratibu hadi kila punje ipate rangi nyeusi, yote kivulini. Mbegu hupandwa siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu na kufunikwa mara moja. Mbegu iliyobaki hadi kesho huchanjwa upya. Baada ya misimu kadhaa ya soya katika shamba lile lile, rizobia hujenga makao, na haja ya kuchanja hupungua. Brazili huendelea kuchanja kila mwaka kwa sababu wamepata ongezeko la wastani wa asilimia 8, jambo lenye maana kwa shamba la hekta elfu. Kwa nusu hekta ya Kabondo-Dianda, kuchanja tena baada ya mapumziko marefu au baada ya mihogo ya miaka miwili kunatosha.

Kwa kuwa hakuna mashamba mawili yanayofanana, jaribio la vipande linaweza kufanywa na kikundi chochote cha wakulima bila kumngoja mtaalamu. Shamba moja hugawanywa katika vipande vinne vya mita kumi kwa kumi: cha kwanza soya bila kitu, cha pili chanjo peke yake, cha tatu fosfeti peke yake, cha nne chanjo na fosfeti. Visivyo na chanjo hupandwa kwanza, ili mikono na majembe yasibebe bakteria kwenda kipande kisichotakiwa. Mbegu ni ya aina moja, nafasi ni ile ile, palizi ni ya siku moja. Wakati wa maua mimea mitano ya kila kipande hung'olewa na vinundu kupasuliwa. Soya hupimwa kwa mizani ikiwa kavu, kila kipande peke yake. Kipande cha nne kisipozidi cha pili, fosforasi si tatizo la shamba hilo kwa sasa. Vyote vinne vikiwa dhaifu, huenda tatizo ni tindikali, na majivu au chokaa vijaribiwe msimu unaofuata. Vigingi vising'olewe baada ya mavuno. Mwaka wa pili mahindi hupandwa katika vipande vyote vinne bila kuongeza kitu, na magunia yake hupimwa kwa kipande, maana hapo ndipo huonekana ni kiasi gani cha naitrojeni na fosforasi kilichobaki udongoni baada ya soya kuuzwa.